SURUA, MALARIA NA HESABU YA WATOTO: JE, CHANJO INAOKOA KWELI?



Siku ya kilo, ukikaa kwenye benchi na mutoto wako, unasikia maneno mengi. Neno moja linarudi kila mwaka: «Mutoto ya jirani alichanjwa surua, nyuma akakufa na malaria. Sasa ile shindano inasaidia nini?»

Swali hili si la ujinga. Ni swali la mutu anayefikiri. Waganga wakubwa pia walijiuliza vilevile, tena walijiuliza juu ya watoto wa kwetu, kule Kasongo katika Maniema. Katika karatasi hii tunataka kukuonyesha namna swali hili linavyojibiwa. Ukijua kuhesabu vifaranga vya kuku wako, utafahamu yote.

KIFO KINA NJIA NYINGI

Tuanze na kuku. Kuku wako ametotoa vifaranga 10. Unaviacha vitembee katika kiwanja. Kipanga anachukua 4. Nyoka anakula 1. Ugonjwa unaua 1. Vinabaki 4.

Jirani yako naye ana vifaranga 10. Yeye anavifunika na kitunga kila mchana, basi kipanga hapati hata kimoja. Lakini usiku nyoka anaingia na kula 2, na ugonjwa unaua 2. Vinabaki 6.

Sasa mutu mumoja anapita na kusema: «Tazama! Kwa huyu mwenye kitunga, nyoka amekula viwili. Kwa yule asiye na kitunga, nyoka alikula kimoja tu. Kitunga kinaita nyoka!»

Mama, utamujibu namna gani? Utasema: «Hapana. Nyoka ni yule yule. Yeye amekuta vifaranga vingi zaidi, kwa sababu kipanga hakuvichukua kwanza. Hesabu vile vilivyo hai. Mimi nina sita, yeye ana nne.»

Ukijibu hivi, umekwisha kufahamu jambo kubwa la karatasi hii. Mutoto pia ana maadui wengi: surua, malaria, kuhara, homa ya mapafu, bwaki. Adui wa kwanza anayemuua anawanyima wengine nafasi. Mutoto hafi mara mbili. Kwa hiyo, ukifunga njia moja ya kifo, watoto wote waliookoka hapo wanaendelea kutembea mbele ya zile njia nyingine. Wengi wao watapita salama. Wachache watashikwa. Hao wachache ndio watu wanaowaona na kusema: «Chanjo ni bure.»

SWALI HILI NI LA ZAMANI

Katika mwaka 1760, muganga na mwalimu wa hesabu jina lake Daniel Bernoulli, mutu wa Uswisi, alipeleka hesabu kwa wenye elimu wa Paris. Wakati ule ndui iliua watu wengi sana Ulaya. Chanjo ya leo ilikuwa haijapatikana. Watu wengine walichanja ngozi na usaha wa mugonjwa wa ndui, na kazi hiyo ilikuwa na hatari yake. Bernoulli aliuliza: kama ndui ingeondolewa kabisa, watu wangeishi muda gani zaidi?

Alifahamu kwamba hawezi kusema tu: «Wale wote waliokufa na ndui wangekuwa wazee.» Hapana. Wengine wao wangekufa na homa, wengine na kuhara. Basi alihesabu mwaka kwa mwaka, akiwarudisha wale waliookolewa na ndui katikati ya wenzao, wakutane na hatari nyingine sawa na watu wote. Jibu lake lilikuwa hili: kwa katikati, maisha ya mutu yangetoka miaka 26 na miezi 7 na kufika miaka 29 na miezi 9. Ni faida ya miaka mitatu na zaidi kidogo kwa kila mutoto anayezaliwa.

Angalia vizuri. Hakusema ndui ikiondoka hakuna atakayekufa. Tena hakusema ni kazi bure kwa sababu watu watakufa na kitu kingine. Alihesabu, na faida ilionekana. Katika mwaka 1980 Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Chanjo ndiyo iliyoimaliza.

HABARI YA KASONGO

Sasa tufike kwetu. Katika miaka ya 1970, wakati inchi yetu iliitwa Zaire, waganga wa Kasongo walifanya kazi pamoja na waganga wa chuo cha magonjwa ya inchi za joto cha Antwerpen, Ubelgiji. Walichanja watoto surua, na waliandika habari za watoto kwa uangalifu: nani yuko hai, nani amekufa, alikuwa na miezi mingapi. Walifuata watoto kutoka miezi 7 mupaka miezi 35, wakalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa. Habari yao ilichapwa London mwaka 1981 katika gazeti la waganga, The Lancet.

Waliona nini? Katika miezi ile ambayo surua inashika watoto zaidi, watoto waliochanjwa walikufa kidogo kuliko wengine. Hiyo ni habari njema. Lakini katika miezi iliyofuata, ile tofauti ilianza kupunguka. Makundi mawili yalikaribiana.

Basi waganga wale waliogopa jambo moja, na walilisema wazi. Pengine surua inachukua zaidi watoto waliokuwa wazaifu tangu mbele. Chanjo inawaokoa na surua, lakini uzaifu wao unabaki, na nyuma ya miezi michache wanakufa na malaria ao kuhara. Kama ni hivyo, chanjo inabadilisha tu jina la kifo.

Unaona, mama? Ni swali lile lile la kwenye benchi. Na kama jibu lingekuwa ndiyo, ingekuwa jambo zito sana, kwa sababu serikali yenye franka chache ingesema: «Tusitumie mali kwa chanjo ya surua.» Maisha ya watoto wengi yalikuwa katika hesabu hii. Ndiyo maana ilipaswa kufanywa vizuri.

NAMNA YA KULINGANISHA MAKUNDI MAWILI

Tufanye mufano. Vijiji hivi si vya kweli, ni vya kutufundisha tu.

Kijiji cha kwanza kina watoto 100 wa miezi tisa. Hawakuchanjwa. Tunawafuata mupaka miaka mitano:
- Surua inaua 10.
- Malaria na magonjwa mengine yanaua 10.
- Wanabaki hai 80.

Kijiji cha pili kina watoto 100 pia. Hao walichanjwa:
- Surua inaua 1.
- Malaria na magonjwa mengine yanaua 11.
- Wanabaki hai 88.

Kuna maswali matatu tofauti ya kuuliza hapa. Watu wengi wanakosea kwa sababu wanayachanganya.

Swali la 1: Ni watoto wangapi wako hai? Katika kijiji cha kwanza ni 80, katika cha pili ni 88. Chanjo imeacha watoto 8 zaidi kwa mama zao. Swali hili ndilo kubwa, na halidanganyi. Kifo ni kifo, hata kama hatujui jina la ugonjwa.

Swali la 2: Katika watoto wote 100, kila ugonjwa uliua wangapi? Malaria na wenzake waliua 10 kule na 11 huku. Hesabu hii inasaidia mukubwa wa hospitali: anajua dawa na vitanda vingapi vinahitajiwa. Lakini haionyeshi kwamba chanjo inaleta malaria. Kumbuka nyoka na kitunga.

Swali la 3: Katika watoto waliokuwa wangali hai, malaria ilikuwa na nguvu gani? Tuseme surua ilipita kwanza. Katika kijiji cha kwanza walibaki 90, na magonjwa mengine yaliua 10 kati yao. Ni mutoto 1 kwa watoto 9. Katika kijiji cha pili walibaki 99, na magonjwa mengine yaliua 11. Ni 1 kwa 9 vilevile! Nguvu ya magonjwa mengine haikubadilika hata kidogo. Ni watoto waliokuwa wengi zaidi.

Sasa fikiri kijiji cha tatu. Watoto 100 walichanjwa. Surua iliua 1, magonjwa mengine yakaua 19, wakabaki hai 80. Hapa woga wa waganga wa Kasongo ungekuwa wa kweli: walio hai ni 80, sawa na kule wasikochanja. Kifo kingekuwa kimebadilisha jina tu. Lakini huwezi kujua kama wewe ni wa kijiji cha pili ao cha tatu kwa kutazama hesabu ya surua peke yake. Ukitazama surua tu, vyote viwili vinaonyesha 1. Ni lazima kuhesabu vifo vyote, na kuhesabu kwa muda murefu.

Wenye elimu ya hesabu waliandika njia za kufanya kazi hii kwa maelfu ya watu. Mumarekani Robert Gray alichapa katika mwaka 1988 njia ya kulinganisha makundi wakati vifo ni vya namna nyingi. Njia yake inafuata swali la 2. Kwa swali la 3 kuna njia nyingine. Mutu anayesoma habari ya dawa ao chanjo anapaswa kuuliza kwanza: «Mumejibu swali gani kati ya haya?»

ALIYEKUFA SI SAWA NA ALIYEHAMA

Kuna kosa lingine ambalo hata wenye elimu wanalifanya.

Watoto wengine wanatoka mbele ya macho yetu kwa sababu familia imehama. Baba amepata kazi Kindu ao Bukavu, basi mama anafuata. Katika mwaka 1958 Wamarekani wawili, Kaplan na Meier, walionyesha namna ya kuhesabu watu kama hao: tunamuhesabu mutoto katika kundi mupaka siku tuliyomuona mwisho, kisha tunamutoa. Tunafikiri kwamba huko alikokwenda, yeye ni sawa na wale waliobaki. Ni njia nzuri kwa mutu aliyehama.

Lakini je, mutoto aliyekufa na malaria, tumuhesabu kama aliyehama? Hapana! Aliyehama anaweza kushikwa na surua kule Kindu. Aliyekufa hawezi kushikwa na surua tena. Tazama kosa linalotoka hapo:

Watoto ni 100. Malaria inaua 50 kwanza. Katika 50 waliobaki, surua inaua 10. Kweli ni hii: surua imeua 10 kwa 100. Lakini ukiwahesabu wale 50 kama waliohama, unasema: «Surua imeua 10 kwa 50, ni kusema 20 kwa 100.» Hao 20 ni wapi? Utatafuta makaburi yao, hautayaona. Ni watoto wa karatasi.

Kwa hiyo muganga wa afya akikuuliza: «Mutoto amehama ao amekufa? Alikuwa na alama gani: vipele, homa, kuhara, kukohoa?», usikasirike. Tunajua swali hili linaumiza. Hatuulizi ili kukuhukumu. Jibu lako linakwenda kusaidia mama mwingine. Mutoto aliyekufa bila kuandikwa, ni kama hakuishi katika hesabu ya inchi, na ugonjwa uliomuua unaonekana mudogo kuliko ulivyo.

MITEGO MIWILI ZAIDI

Mutego wa kwanza ni bahati. Usiku mumoja katika maternite wanazaliwa watoto wanne, na wote ni wavulana. Utasema maternite ile inazalisha wavulana tu? Hapana. Ngoja wazaliwe elfu moja, utaona wavulana na wasichana wanakaribia kuwa sawa. Basi mutoto mumoja wa jirani, ao watatu, hawawezi kutuambia kama chanjo ni nzuri ao mbaya. Kundi likiwa dogo, bahati inasema kwa sauti kubwa. Kundi likiwa kubwa, bahati inanyamaza, na kweli inasikiwa.

Mutego wa pili ni makundi yasiyofanana. Ni nani anayeleta mutoto kwa chanjo? Mara nyingi ni mama anayekaa karibu na hospitali, mwenye chandarua, mwenye chakula kidogo nyumbani, ambaye bwana wake anamupa ruhusa. Mutoto wake angekuwa na nguvu zaidi hata bila chanjo. Ukimulinganisha na mutoto wa mbali, wa familia iliyokimbia vita, haulinganishi chanjo peke yake. Unalinganisha nyumba mbili. Kwa sababu hiyo, inapowezekana, watu wanagawanywa kwa kura, ili makundi yafanane. Kule Kasongo watoto hawakugawanywa kwa kura, na hii ni sababu moja ya kusoma habari ile kwa uangalifu.

JIBU LILILOKUJA NYUMA

Waganga na wenye elimu hawakuacha swali la Kasongo. Katika Ginebisau, inchi ya Afrika ya magaribi, Mudani mumoja, Peter Aaby, alianza kufuata watoto tangu mwaka 1978. Katika mwaka 1979 surua iliingia kwa nguvu katika mutaa wa Bandim, katika muji wa Bissau. Yeye alikuwa na kilo za watoto zilizoandikwa mbele ya ugonjwa. Basi aliweza kuuliza: waliokufa ndio wale waliokuwa wazaifu?

Hakuona hivyo. Jambo alilolikuta lilikuwa lingine: watoto walikufa zaidi katika nyumba ambamo wagonjwa wa surua walikuwa wengi pamoja. Mutoto aliyeambukizwa ndani ya nyumba, na ndugu yake akilala kando yake, alikuwa katika hatari kubwa kuliko yule aliyeipata inje.

Nyuma ya hapo, yeye na wenzake walifuata watoto waliochanjwa na wasiochanjwa kwa miaka mingi. Habari zao zilishangaza: waliochanjwa walikufa kidogo, tena tofauti ilikuwa kubwa kuliko vifo vya surua peke yake vinavyoweza kuonyesha. Yaani, kifo hakikubadilisha jina tu. Vifo vya magonjwa mengine navyo vilipunguka. OMS iliagiza habari zote zipimwe pamoja, na hesabu hiyo ilichapwa mwaka 2016: kwa jumla, watoto waliopata chanjo ya surua walikuwa na vifo vichache, hata ukihesabu vifo vya namna yote.

Namna gani inaweza kuwa hivyo? Sababu moja tunaijua. Surua inapoingia katika mwili, inaharibu kumbukumbu ya mwili. Mwili wa mutoto ni kama askari wa zamu: kila adui aliyepigana naye, anakumbuka sura yake. Surua inafuta sehemu ya kumbukumbu hiyo. Katika mwaka 2019 wachunguzi walipima damu ya watoto mbele na nyuma ya surua, wakaona kwamba watoto walikuwa wamepoteza kati ya sehemu 11 na 73 kwa mia ya askari wao wa damu. Kwa miezi mingi, hata miaka miwili ao mitatu, mutoto aliyepona surua ni mwepesi kushikwa na magonjwa mengine.

Basi mama, wale maadui hawatembei kila mumoja peke yake. Surua inafungulia wengine mulango. Kipanga wetu ni mubaya zaidi: akikosa kuchukua kifaranga, anakivunja bawa, na paka wa pori anakikuta. Ukifunga njia ya surua, unafunga pia sehemu ya mulango wa homa ya mapafu na kuhara.

TUSISAHAU ADUI MUMOJA KWA KUTAZAMA MWINGINE

Kati ya mwaka 2018 na mwaka 2020 Ebola ilipiga Kivu ya Kaskazini na Ituri. Watu 2.287 walikufa. Dunia yote ilitazama. Lakini wakati ule ule surua ilikuwa ikitembea katika Kongo yote, na tangu mwaka 2019 mupaka ilipotangazwa kumalizika katika Agosti 2020, iliua watu zaidi ya 7.000, na wengi wao ni watoto wadogo. Watu walikimbia Ebola, na ni haki yao. Lakini watoto wengi walikufa na ugonjwa ambao una chanjo tangu miaka ya 1960. Anayehesabu njia moja tu ya kifo anaacha nyingine wazi.

MASWALI YA WAMAMA

«Kama mutoto wangu anaweza kufa na malaria, kwa nini nimuchanje surua?»
Kwa sababu hiyo hiyo. Malaria peke yake ni adui wa kutosha. Usimupe mutoto adui wawili. Chanja surua, na umulaze chini ya chandarua chenye dawa kila usiku. Kitunga kwa kipanga, na kufunga tundu kwa nyoka. Kimoja hakishiki nafasi ya kingine.

«Mutoto wangu alichanjwa na bado alipata surua. Chanjo ni uongo?»
Hapana. Chanjo inayotolewa katika miezi tisa haishiki kwa watoto wote. Wachache wanabaki bila ulinzi. Ndiyo sababu OMS inaomba kila mutoto apate mara mbili. Uliza muganga wako siku ya kurudi.

«Kwa nini tungoje miezi tisa?»
Mutoto anapozaliwa anakuwa na ulinzi kidogo kutoka damu yako, mama. Ulinzi huo unazuia surua, lakini unazuia pia chanjo kushika vizuri. Katika miezi tisa umekwisha kupunguka. Kama surua iko kijijini, waganga wanaweza kuchanja mbele ya miezi tisa, kisha wanarudilia.

«Bibi anasema zamani hatukuchanjwa na tuko hai.»
Heshimu bibi. Lakini umuulize kwa upole: «Bibi, ulizaa wangapi, na wangapi walikua?» Walio hai wanasema. Waliokufa hawakai kwenye benchi kusema habari yao. Hesabu ya kweli inaanza na watoto wote waliozaliwa, haianzi na wale waliobaki.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Leta mutoto kwa chanjo ya surua akifika miezi tisa, hata kama ana mafua kidogo. Muache muganga aamue.

2. Chunga fishi ya mutoto sawa unavyochunga franka. Iweke katika mufuko wa plastiki, mbali na mvua na panya. Ukihama, hama nayo, na tuambie unakwenda wapi.

3. Mutoto akipata surua (homa, macho mekundu, mafua, kukohoa, kisha vipele), mutenge na watoto wengine, usimulaze kitanda kimoja na wadogo zake. Mulete hospitali apate vitamini A, siku mbili zinazofuatana. Vitamini hii inalinda macho na maisha.

4. Nyuma ya surua, usiseme «imekwisha». Kwa miezi mingi mutoto ni muzaifu. Mulishe mara nyingi: maziwa ya mama, maharagi, karanga, mayai, samaki, sombe na mafuta ya mawese. Mulete kwa kilo kila mwezi.

5. Akihara, mupe maji ya chumvi na sukari. Litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Endelea kumunyonyesha.

6. Mulete upesi, hata usiku, kama anapumua mbio mbio, kama anatapika yote, kama hawezi kunyonya, kama anashikwa na degedege, ao kama analala na haamuki vizuri.

7. Kukiwa musiba, mara moyo ukitulia kidogo, uje utuambie. Tutalia pamoja nawe, tutaandika, na ile hesabu itasema kwa ajili ya watoto wengine.

MANENO YA KUSHIKA KATIKA MOYO

Mutoto ana maadui wengi. Kumuokoa na mumoja si bure, hata kama wengine wangali wako.

Usipime chanjo kwa mutoto mumoja wa jirani. Pima kwa watoto wengi, wanaofanana, kwa muda murefu.

Hesabu kwanza walio hai. Kisha uulize waliokufa walikufa na nini.

Usimuhesabu aliyekufa kama aliyehama.

Na wewe mama, ukisikia tena maneno yale kwenye benchi, usinyamaze na usigombane. Waambie wenzako habari ya kuku na kitunga. Kila mama anajua kuhesabu vifaranga vyake jioni. Watoto wetu wanapita vifaranga kwa thamani, na Mungu ametupa akili ya kuwahesabu vizuri.